Ejnar Hertzsprung na Nyota za Kilimia

Mwalimu atokaye nje ya nyumba yake hapa Babati usiku wa mwezi wa Januari, saa tatu hivi, mawingu ya mvua yakiwa yameachana, na akatazama juu sana upande wa kaskazini, ataona kishada kidogo cha nyota zilizosongamana kama punje chache za mtama katika kiganja cha mkono. Hicho ndicho Kilimia. Jina lenyewe linatokana na kulima, kwa kuwa wazee wa pwani walikitazama ili wajue majira ya kupanda. Mtoto wa mkulima akaaye mbali na taa za mji hukiona bila shida. Aghalabu huhesabu nyota sita, na mwenye macho makali huhesabu zaidi.

Watoto hao hao wakija darasani tunawafundisha kwamba nyota ni jua lililo mbali. Tunaiandika sentensi hiyo ubaoni, wanainakili, na somo linakwisha. Siku moja, katika miaka yetu ya kwanza ya kufundisha, mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba katika kundi la Jabari kuna nyota moja nyekundu na nyingine ya buluu, akataka kujua kwa nini. Hatukuwa na jibu. Badala ya kukiri hivyo, tulimwambia kwamba nyota zote ni nyeupe na kwamba macho yake yamemdanganya. Alikaa chini, wala hakuuliza tena swali katika somo letu mwaka ule wote. Mtoto alikuwa amesema kweli. Mwalimu ndiye aliyekosa.

Twayaandika maisha ya Ejnar Hertzsprung tukimkumbuka mtoto yule, kwa sababu swali lake ndilo swali ambalo mtaalamu huyu wa Denmark alilitumikia kwa zaidi ya miaka 60. Tena jibu alilitafuta katika Kilimia, kishada kile kile kinachotazamwa na watoto wetu.

Kijana aliyezuiwa kusoma nyota

Ejnar Hertzsprung alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1873 huko Frederiksberg, karibu na Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Baba yake, Severin, alikuwa amesomea elimu ya nyota na kuipenda sana, lakini aliona kwamba haimpatii mtu riziki. Akaingia katika kazi ya bima, akawa mkubwa katika shirika la bima ya maisha. Nyumbani alimwonyesha mwanawe nyota, lakini alimwonya asiifanye elimu hiyo kuwa kazi yake. Mzazi huyo hakuwa mkatili. Alisema kama wasemavyo wazazi wengi wa huku kwetu wanapomwambia kijana achague masomo yenye ajira.

Baba alifariki mwaka 1893, na vitabu vyake vya elimu ya nyota vikauzwa, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba vingehitajiwa tena katika nyumba ile. Kijana akasomea uhandisi wa kemia, akahitimu mwaka 1898, akaenda kufanya kazi St. Petersburg katika Urusi. Mwaka 1901 alihamia Leipzig, Ujerumani, akajifunza kwa Wilhelm Ostwald kemia ya nuru, yaani jinsi mwanga unavyobadili dawa zilizopakwa juu ya vioo vya kupigia picha. Elimu hiyo ya picha ndiyo iliyomrudisha kwenye nyota kwa mlango wa nyuma. Siku zile wataalamu walikuwa wameanza kupiga picha za anga kwa darubini, lakini wachache kati yao waliifahamu vizuri dawa ya picha. Hertzsprung aliifahamu.

Aliporudi Denmark mwaka 1902 hakuwa na cheo wala shahada ya elimu ya nyota. Aliomba ruhusa ya kutumia darubini za Chuo Kikuu cha Copenhagen na za kituo kidogo cha Urania huko Frederiksberg, akajifundisha mwenyewe. Ikumbukwe basi kwamba mambo makubwa tutakayoyaeleza yalianzwa na mtu ambaye, kwa hesabu ya vyeti, hakuwa na haki ya kuyasema.

Taa ya baiskeli na taa ya lori

Tatizo alilokutana nalo ni hili. Mtu akisimama kando ya barabara kuu ya Dodoma wakati wa usiku na kuona taa inakuja, hawezi kujua mara moja kama ni taa ndogo ya baiskeli iliyo karibu au taa kubwa ya lori lililo mbali. Nyota nazo ni hivyo. Nyota inayong'aa machoni petu yaweza kuwa ndogo na jirani, au kubwa mno na ya mbali. Bila kujua umbali wake hatuwezi kuisema tabia yake.

Hertzsprung alianza kwa kuutafuta umbali kwa njia ambayo abiria yeyote wa basi ataielewa. Basi likitoka Arusha kuja Babati, miti iliyo kando ya barabara huonekana kukimbia kurudi nyuma, lakini mlima Kwaraa huonekana kama umetulia. Kilicho karibu huonekana kwenda kasi. Kilicho mbali huonekana kusimama. Nyota pia husogea kidogo kidogo angani mwaka hata mwaka, na zile ambazo mwendo wake hauonekani kwa urahisi aghalabu ndizo zilizo mbali. Alipozichunguza nyota nyekundu kwa kipimo hicho, alikuta zimegawanyika katika mafungu mawili. Baadhi zilikuwa karibu na hafifu. Nyingine zilikuwa mbali sana, lakini bado zaonekana waziwazi, maana yake nuru yake ya kweli ni kubwa ajabu. Baadaye nyota za namna hii za pili ziliitwa majitu, na zile za kwanza zikaitwa vibete.

Alipata pia msaada kutoka kwa mtu ambaye wengine hawakumsikiliza. Huko Harvard, Marekani, mwanamke aitwaye Antonia Maury alikuwa akichunguza tepe za rangi zinazopatikana mwanga wa nyota unapopitishwa katika kioo cha pembe tatu. Katika orodha yake ya mwaka 1897 alionyesha kwamba baadhi ya nyota zina mistari myembamba na mikali isiyo ya kawaida, akaziwekea alama ya pekee. Mkuu wa kituo chake, Edward Pickering, hakuutilia maanani mgawanyo huo, na orodha zilizofuata ziliuacha. Hertzsprung aliziona alama zile, akazilinganisha na hesabu zake, akagundua kwamba nyota alizozitenga Maury ndizo zile zenye nuru kubwa kupita kiasi. Alimwandikia Pickering kumwonya kwamba kuiacha alama hiyo ni sawa na mtaalamu wa wanyama aliyekwisha kuitambua tofauti ya nyangumi na samaki, kisha akaendelea kuwaweka katika fungu moja.

Hertzsprung alichapisha matokeo yake mwaka 1905 na mwaka 1907, lakini katika jarida la elimu ya picha, ambalo wataalamu wa nyota hawakuwa na desturi ya kulisoma. Yakapita bila kutambuliwa na wengi. Mtu mmoja aliyetambua thamani yake ni Karl Schwarzschild wa Göttingen, Ujerumani. Mwaka 1909 alimwita Hertzsprung kufundisha huko, na mwaka ule ule, alipohamishiwa kituo cha Potsdam, akaenda naye.

Nyota za kishada kimoja

Potsdam ndipo alipoitatua shida ya taa ya baiskeli na taa ya lori kwa njia rahisi zaidi. Akachagua nyota za kishada kimoja. Nyota za Kilimia zimekusanyika pamoja mbali nasi, na kwa vipimo vya leo umbali wake ni kama miaka ya nuru 440, yaani nuru yake husafiri miaka 440 hivi ndipo itufikie. Ukilinganisha na umbali huo mkubwa, tofauti ya nyota moja na jirani yake ni ndogo sana. Kwa hiyo inayoonekana kung'aa zaidi katika kishada ndiyo yenye nuru zaidi kwa kweli. Ni kama kuyaona malori kumi yamesimama pamoja ng'ambo ya Ziwa Babati: yule mwenye taa kali machoni petu ndiye mwenye taa kali.

Akabaki na maswali mawili tu ya kuiuliza kila nyota: una nuru kiasi gani, na una rangi gani? Nuru aliipima kwa ukubwa wa alama ambayo nyota iliiacha juu ya kioo cha picha. Rangi aliipima kwa hila nzuri. Mbele ya darubini aliweka wavu wa nyaya zilizopangwa sambamba. Wavu huo huifanya kila nyota iwe na vivuli viwili vya mwanga, kimoja kila upande. Mwanga mwekundu hutawanyika mbali zaidi kuliko wa buluu. Kwa hiyo nafasi kati ya vivuli ilimwambia rangi ya nyota kwa tarakimu, bila kulitegemea jicho.

Mwaka 1911 alitoa michoro ya Kilimia na ya kishada jirani cha Hyades, kilicho karibu na nyota ya rangi ya machungwa iitwayo Aldebaran. Kila nyota ilikuwa nukta moja. Kwa upande mmoja ilipangwa kwa rangi, na kwa upande mwingine kwa nuru. Mtu angeweza kutazamia nukta hizo zitawanyike ovyo kama changarawe iliyomwagwa. Hazikufanya hivyo. Nyingi zilijipanga katika safu moja: zenye nuru kubwa zilikuwa za buluu, na kadiri nuru ilivyopungua, rangi ilikwenda kwenye njano hadi nyekundu. Katika Hyades kulikuwa na nyota chache nyekundu zenye nuru kubwa zilizosimama peke yake, nje ya safu.

Huko Princeton, Marekani, Henry Norris Russell alifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine, akaonyesha mchoro wake mwaka 1913. Kwa miaka mingi wengi waliutaja mchoro huo kwa jina la Russell peke yake. Baadaye ukaitwa kwa majina ya wote wawili. Leo hakuna chombo kinachotumiwa zaidi kuliko huo katika kuyaeleza maisha ya nyota.

Maana ya safu

Hertzsprung aliichora safu, lakini wakati ule hakuna aliyejua maana yake. Russell alidhani kwamba nyota huanza maisha ikiwa jitu jekundu, hunywea na kupata moto, kisha huteremka katika safu ikipoa kama kaa la moto. Maelezo hayo yalikuwa ya makosa, yakaachwa. Nukta hazikuachwa. Vipimo vilivyopatikana kwa uaminifu viliendelea kuwa na thamani hata maelezo ya kwanza yalipoanguka, na jambo hili mwalimu wa sayansi hana budi kulikumbuka.

Maelezo ya kweli yalikuja kwa hatua. Mwaka 1925 Cecilia Payne alionyesha kwamba nyota ni hasa haidrojeni. Mwaka 1939 Hans Bethe alieleza jinsi haidrojeni inavyogeuka kuwa heliamu katika moyo wa nyota na kutoa nishati. Mwaka 1952 Allan Sandage na Martin Schwarzschild, mtoto wa yule Karl aliyempokea Hertzsprung, walionyesha kwa hesabu yale yanayoipata nyota wakati haidrojeni ya moyoni mwake inapokwisha: moyo hujikaza, tabaka za nje huvimba na kupoa, na nyota huiacha safu ikaelekea upande wa majitu mekundu.

Hapo ikafahamika kwamba mahali pa nyota katika safu huamuliwa hasa na wingi wa mata yake. Nyota kubwa ina moto mkali, ndiyo maana ni ya buluu. Lakini hula akiba yake kwa pupa. Jua letu lina akiba ya miaka kama bilioni 10, na limekwisha kutumia miaka bilioni 4.6 hivi. Nyota yenye mata mara 10 ya Jua huimaliza akiba yake kabla ya kutimiza miaka milioni 30. Nyota za buluu, basi, hazikai sana. Nyekundu ndogo hudumu kuliko zote.

Sasa mwalimu na akifikirie kishada kama shamba la mahindi lililopandwa siku moja, kwa maana nyota za kishada kimoja huzaliwa karibu pamoja katika wingu moja la gesi. Kilimia ni shamba changa, lina miaka milioni 100 na kitu tu, na nyota zake za buluu bado zinang'aa. Hyades ina miaka ipatayo milioni 650, na zile za buluu sana zimekwisha kutoweka. Katika kundi la Saratani kuna kishada ambacho orodha za wataalamu hukiita M67, chenye umri wa miaka bilioni 4 hivi. Humo safu imekatika chini zaidi, karibu na nyota zinazolizidi Jua kidogo tu. Mahali safu inapokatika panatuambia umri wa kishada, kama vile mkulima anavyoutambua umri wa shamba kwa kuyatazama mabua.

Nyota za buluu zilizobaki nyuma

Kanuni hiyo ilipokuwa bado changa, ilikutana na kitu kisichoifuata. Mwaka 1953 Sandage alichora nukta za kishada kikubwa cha kale kiitwacho M3, akaona nyota chache za buluu mahali ambapo hapangepaswa kuwa na kitu. Mwaka 1955 yeye na Harold Johnson walizikuta nyota kama hizo katika M67. Zilisimama juu ya mkato wa safu, za buluu na zenye nuru, kama kwamba umri wa kishada hauzihusu. Zikaitwa nyota za buluu zilizobaki nyuma, kwa kuwa wenzao wa rangi hiyo walikwisha kuondoka zamani.

Mkulima wa Babati akipita katika shamba lake mwezi wa Julai, mahindi yote yakiwa yamekauka, na akaona bua moja la kijani kibichi, hatasema kwamba macho yamemdanganya. Atajiuliza. Swali la kwanza litakuwa kama bua hilo lilipandwa baadaye, wakati wa kurudishia mbegu. Wataalamu nao waliliuliza swali hilo, lakini halikutosha, kwa sababu vishada hivyo havina tena gesi ya kuzalia nyota mpya. Swali la pili ni kama bua hilo lilipata chakula ambacho wengine hawakukipata. Hapo ndipo jibu lilipokuwa.

Mwaka 1964 mtaalamu wa Uingereza, William McCrea, alitoa maelezo yafuatayo. Nyota nyingi huishi wawili wawili, zikizungukana. Ile kubwa huzeeka kwanza na kuvimba, na gesi yake ya nje humwagikia mwenzake. Mwenzake aliyekuwa mdogo huongezeka mata, hupata moto zaidi, na huwa wa buluu kama aliye kijana. Yule mtoaji hubaki kiini kitupu, kibete cheupe. Mwaka 1976 wengine wakaongeza kwamba nyota mbili zaweza pia kugongana na kuwa moja, hasa katika vishada vilivyosongamana sana. Mwaka 2011 uchunguzi wa kishada cha kale cha NGC 188 ulionyesha kwamba karibu tatu kati ya kila nne za nyota hizi za buluu zina mwenzi, na kwamba wenzi hao wana uzito unaofaa kuwa vibete vyeupe. Baadaye darubini iliyo angani iliiona nuru ya baadhi ya vibete hivyo. Kishada hicho kipo karibu na ncha ya kaskazini ya mbingu, kwa hiyo hatuwezi kukiona vizuri kutoka hapa. Lakini katika Saratani, mwishoni mwa Machi, jicho peke yake huona doa la ukungu liitwalo Praesepe. Nyota yake iitwayo 40 Cancri ni mojawapo ya hizi za buluu zilizobaki nyuma, na darubini ndogo ya macho mawili yatosha kuionyesha.

Hertzsprung hakuzigundua nyota hizi. Lakini kama asingalifundisha watu kuzipanga nyota za kishada kimoja pamoja, hakuna ambaye angalijua kwamba hazipo mahali pake. Bua la kijani halishangazi mtu katika shamba la kijani.

Miaka ya kazi na uzee

Mwaka 1919 alihamia Leiden, Uholanzi. Kati ya mwaka 1923 na 1925 alifanya kazi Johannesburg, Afrika Kusini, akipiga picha za anga la kusini. Humo, mwaka 1924, alikiona kijisayari ambacho kikapewa jina la jangwa la Kalahari. Binti yake alimpa jina la Rigel, ile nyota ya buluu ya Jabari. Baadaye alikuwa mkuu wa kituo cha Leiden, miaka ya vita ikiwa ndani yake.

Makosa naye aliyafanya. Mwaka 1913 alipima kwa mara ya kwanza umbali wa Wingu Dogo la Magellan, na katika chapa umbali ukatoka miaka ya nuru 3,000 badala ya 30,000. Mwalimu wa hesabu anayesahihisha sifuri zilizopotea katika madaftari atafarijika kwa habari hii.

Kilimia hakukiacha. Mwaka 1947, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alichapisha orodha ya nyota 3,259 katika eneo la Kilimia, na wataalamu wangali wakizitaja nyota hizo kwa namba alizozipa. Alistaafu katika mji mdogo wa Tølløse nchini kwake, akaendelea kupima vioo vya picha kwa mkono wake. Alifariki tarehe 21 Oktoba 1967, akiwa na miaka 94. Mwaka huo huo nchi yetu ilitangaza Azimio la Arusha, na Mwalimu Nyerere akaandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zetu zimlee mtoto mwenye akili ya kuulizauliza.

Namna ya kufundisha

Mwalimu wa shule ya msingi hahitaji darubini ili afuate njia ya Hertzsprung. Twapendekeza hatua nne.

Kwanza, rangi na moto. Mwalimu aweke msumari mnene katika jiko la makaa linalopulizwa, akiushika kwa koleo, wanafunzi wakikaa mbali. Utakuwa mwekundu wa giza, kisha mwekundu wa kung'aa, kisha utaelekea kwenye njano. Wanafunzi wenyewe waseme ni rangi gani yenye moto zaidi. Kisha waambiwe kwamba moto ukizidi sana, kuliko uwezo wa jiko, rangi huenda kwenye nyeupe na buluu. Mwalimu asiutumie mwali wa buluu wa jiko la mafuta ya taa kuwa ushahidi, kwa maana buluu hiyo ina sababu nyingine.

Pili, umbali. Jioni, wanafunzi wawili washike tochi mbili zilizo sawa, mmoja karibu na mwingine mwisho wa uwanja. Darasa liseme ipi inang'aa zaidi. Kisha tochi zote ziwekwe pamoja mwisho wa uwanja. Baada ya hapo faida ya kishada haitahitaji maelezo marefu.

Tatu, shamba. Mahindi ya shamba la shule yapandwe siku moja. Kila mwanafunzi apime bua lake urefu, ahesabu majani, na kuweka nukta moja katika mchoro mkubwa wa darasa. Nukta zitajipanga. Moja au mbili zitakaa kando. Mwalimu mchanga atashawishika kuzifuta, akidhani mtoto amekosea kupima. Asizifute. Mtoto arudi shambani akapime tena. Kama kipimo ni kile kile, nukta ibaki, na darasa zima liende kulitazama bua hilo: je, lipo karibu na samadi, au mfereji, au mbaazi zimelisonga?

Nne, usiku. Kila mwanafunzi aangalie Jabari nyumbani kwao na achore nyota anazoziona pamoja na rangi zake. Mwalimu naye achore. Asubuhi michoro ilinganishwe kabla mwalimu hajasema neno.

Yapo mambo mawili ya kujihadhari nayo. Mwalimu asiyafanye maisha haya kuwa ngano ya shujaa asiyekosea, maana tumeona kwamba alikosea. Wala asiwafananishe wanafunzi na nyota, akawaambia wengine kwamba wamebaki nyuma. Watoto hawakuzaliwa siku moja wala hawakulishwa sawa. Linalofaa kuchukuliwa ni utaratibu: kulinganisha vitu vinavyolinganika, kuandika kila kipimo, na kukitunza kile kisichoingia katika safu mpaka sababu yake ijulikane. Antonia Maury alikitunza. Waliomzunguka walikiacha, na elimu ikachelewa miaka kadhaa.

Mwanafunzi wetu wa zamani alikuwa ameona Betelgeuse, jitu jekundu lenye joto la nyuzi kama 3,300 kwenye uso wake, na Rigel ya buluu, yenye joto la kama nyuzi 12,000. Jibu la swali lake lilikuwa limepatikana miaka mingi kabla hajazaliwa. Hata kama tusingalilijua, tungaliweza kumwambia kwamba sisi pia hatujui, kisha tukatoka naye usiku ule kwenda kutazama.